Folda Sitini na Tatu

Awinja hakubisha hodi. Aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa amevua viatu vyake vya kazini na kuvishika mkononi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuvuta pazia la dirisha la mbele. Hamida, aliyekuwa akimchapia mwanafunzi mmoja wa mtaa wao wa Shirere barua ya kuomba kazi, alimtazama akidhani ni mgonjwa.

"Wanakuja leo," Awinja alisema. "Saa tisa. Barua nimeichapa mimi mwenyewe, Hamida, kwa vidole hivi. Wana askari wawili na karatasi ya kuchukua kompyuta."

"Kompyuta gani?"

"Kwani mnazo ngapi?"

Hamida alitupa jicho uani.

"Imeandikwa moja," Awinja aliendelea upesi. "Kompyuta moja na vifaa vyake, iliyoko nyumbani kwa Mwalimu Abu. Ati mnaweka nyaraka za kampuni bila ruhusa."

"Nyaraka za kampuni? Zile ni hati za watu, za mashamba yao!"

"Mimi nimekuambia tu nilichochapa. Na usifikirie kuificha. Wasipoikuta watamweka Abu ndani mpaka ipatikane, hiyo nayo niliisikia kwa masikio yangu." Alichungulia nje kupitia ufa wa pazia. "Nimewaambia naenda kununua unga. Ukiulizwa, hatujaonana tangu Krismasi."

Akatoka kwa mlango ule ule wa jikoni, akavaa viatu vyake nje ya uzio. Alikuwa ameajiriwa na Kampuni ya Lusheya, ile iliyotaka mashamba ya watu wa Matungu ili ipanue miwa yake, na alikuwa na watoto watatu wa kulisha. Hamida aliyajua hayo yote, na kwa hiyo alijua pia jinsi hofu ilivyokuwa kubwa mpaka mtu kama huyo akavua viatu ili hatua zake zisisikike.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

* * *

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na folda sitini na tatu, moja kwa kila familia. Watu wa Matungu walikuja mwezi wa Desemba, kina baba na kina mama, wakiwa na hati zao zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni. Hamida alizipiga picha zote kwa skana iliyoletwa na Bramwel, karani wa wakili wao, ukurasa kwa ukurasa, kisha akamrudishia kila mtu karatasi zake. Januari ilipoingia, watu wa kampuni walipita nyumba hadi nyumba wakikusanya hati hizo. Walisema ni za kuhakikiwa, zitarudi baada ya wiki moja. Sasa ilikuwa Machi, mwaka wa tisini na nane. Hakuna hata karatasi moja iliyokuwa imerudi, na kesi ilikuwa Jumatatu.

Bramwel alikuwa amemwambia Hamida mara mbili atengeneze nakala. Mara ya kwanza Hamida alisema ataifanya kesho. Mara ya pili alikuwa na kazi za wanafunzi. Disketi alizokuwa nazo zilikuwa kumi na moja, na picha zile zingehitaji disketi zaidi ya mia mbili. Na tena, alijiambia, si kuna mashine ya Zeituni?

Zeituni alikuwa wifi yake, dada ya mumewe, na alikaa katika chumba cha uani. Alikuwa na kompyuta ya zamani isiyojulikana na mtu wa nje, ambayo alijifunzia kuchapa. Abu, mume wa Hamida, aliziunganisha zile mashine mbili mwaka uliopita kwa waya uliotoka dirishani, ukafuata kamba ya kuanikia nguo, ukaingia chumbani kwa dada yake. Kupitia waya huo walikuwa wakitumiana barua na ripoti fupi fupi. Ilichukua muda, lakini walizoea kungoja, wakidhani kompyuta ndivyo zilivyo.

Hamida alizichagua folda zote, akaziamuru ziende kwa Zeituni. Kisanduku kikajitokeza kwenye kioo, na vikaratasi vidogo vikaanza kuruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Chini yake kisanduku kilikadiria muda uliobaki. Dakika mia nne na kumi na mbili.

Alihesabu kwa vidole. Ilikuwa karibu saa saba nzima. Na saa tisa ilikuwa mbele yake, chini ya saa nne.

"Zeituni!" aliita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

* * *

Walijaribu kila walilolijua. Walifunga programu zote nyingine. Walizima mashine zote mbili na kuziwasha tena, na wakati zinaamka Hamida alisimama akiuma ukucha wa kidole gumba hadi ukatoa damu. Kisanduku kiliporudi, kilisema dakika mia tatu na tisini, kisha kikabadili mawazo kikasema mia nne na thelathini. Vikaratasi viliruka kidogo, vikasimama, vikaruka tena kana kwamba vinasitasita mlangoni.

"Jaribu kutuma kutoka kwangu kuja kwako," Zeituni alisema. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba, na alipoogopa alisema upesi upesi. "Tujue ni mashine yako mbovu ama yangu."

Walijaribu faili moja. Ilikuja kwa uvivu ule ule.

"Basi si mashine," Hamida alisema. "Ni kitu kilicho katikati."

Katikati kulikuwa na waya tu. Hamida aliondoa vile vizibo viwili vya chuma vilivyofunga ncha zake, akavibadilisha pande, akavikaza kwa nguvu. Hakukuwa na tofauti. Zeituni alitoka nje kuangalia kama waya umekatwa na kamba ya nguo au kuumwa na panya, na huko nje Hamida akamsikia akisalimiana na mtu. Akachungulia dirishani.

Alikuwa Nasambu, mjane wa Matungu, mwenye folda yake miongoni mwa zile sitini na tatu. Alikuja kuuliza kama karatasi za kesi ziko tayari. Alikuwa mzee, amevaa sweta ya rangi ya kahawia na viatu vya plastiki, na alikuwa ametembea kutoka stendi kwa sababu nauli iliishia hapo.

"Kukhu, umekuja siku mbaya," Hamida alisema, akimwita bibi kwa Kiluhya.

"Siku nzuri ni gani, mwanangu?" Nasambu aliketi kwenye kiti cha mbao bila kukaribishwa. "Jana wamepiga vigingi kwa shamba ya jirani. Mimi nililala nimevaa nguo zote. Nikasema wakikuja, wasinikute uchi."

Hamida alimweleza. Hakutaka kumweleza, lakini bibi alikuwa akimtazama machoni, na uongo ukakosa pa kupitia. Nasambu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo karatasi yangu, yenye kidole cha marehemu mzee wangu. Iko huku ama huko?"

"Bado iko huku."

"Basi fanya kazi yako. Mimi nitakaa kimya."

* * *

Hamida aliufuata waya kwa mkono, kutoka nyuma ya kompyuta yake, juu ya dirisha, hadi nje. Ulikuwa mweusi, mnene kama kalamu. Nje jua lilikuwa kali, lakini upande wa msituni wingu lilikuwa limeshajikusanya kama ilivyo kila siku huko Kakamega baada ya adhuhuri, na aliposikia ngurumo ya kwanza alikumbuka kwamba umeme wa Shirere haukuwahi kuvumilia mvua.

Kwenye ngozi ya waya kulikuwa na maandishi meupe madogo. Hakuwahi kuyasoma. Aliyasoma sasa, akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alipofika kwenye namba aliirudia mara mbili. Sabini na tano.

Alirudi ndani mbio, akavuta droo na kutoa kipande cha waya cha mita mbili walichopewa pamoja na kompyuta. Maandishi yake yalisema hamsini. Katika ile kozi ya wiki mbili aliyoisoma mjini, ambako wanaume walimcheka kwa kuuliza maswali mengi, mwalimu alikuwa amesisitiza jambo hili: waya wa televisheni, wa namba sabini na tano, na waya wa kompyuta, wa hamsini, zinafanana kama mapacha, lakini ujumbe ukipita katika waya wa televisheni hugonga mwisho na kurudi nyuma, ukagongana na mwingine unaokuja, na mashine hulazimika kurudia kutuma kila kitu mara kumi.

Abu alikuwa amemwambia kwamba waya ule aliununua Kisumu, katika duka la kompyuta. Bramwel ndiye aliyempa pesa zake.

Abu mwenyewe aliingia wakati huo, akitoka msikitini kuswali Ijumaa, kofia bado kichwani. "Asalaam aleikum. Mbona pazia..." Akaona nyuso zao.

Hamida alimweleza habari za Awinja kwa maneno machache. Kisha akauinua ule waya mweusi. "Huu ulinunua wapi?"

"Kwani sasa ni wakati wa..."

"Abu, wapi?"

Abu alivua kofia. Alimtazama dada yake, akamtazama yule bibi mgeni kwenye kiti, na ilionekana wazi kwamba angetoa chochote ili asijibu mbele yao. "Lubao," alisema. "Kwa fundi wa televisheni."

Hamida aliuachia ule waya. Wakati wa kugombana haukuwepo.

* * *

"Tuilete mashine ya Zeituni hapa," Hamida alisema. "Tuiweke kando ya hii. Huu wa mita mbili ni mzuri, utafika. Zitapita kwa nusu saa au chini."

"Hapa sebuleni?" Abu alishtuka. "Wakiingia watakuta zote mbili! Sasa hivi hawajui kama kuna ya pili. Heri iendelee pole pole, tupate nusu."

"Hatutapata hata nusu. Umeona kisanduku?"

"Hamida, wakizichukua zote mbili tumebaki na nini?"

Lilikuwa swali la haki, nalo lilimwogopesha kuliko ngurumo. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Iwapo wangekuja mapema, yeye ndiye angekuwa amewabebea adui zao kila kitu mpaka mezani. Alimgeukia Nasambu bila kujua kwa nini, labda kwa sababu kati yao wote ni yeye aliyekuwa na shamba ndani ya kile chombo.

"Unaniangalia mimi nifanye nini?" bibi alisema. "Mimi najua kupanda mihogo. Wewe ndiye unajua hii."

Basi Hamida akaamua. Kwanza Abu aliuondoa ule waya mweusi kwenye kamba ya nguo na kuuficha chini ya kuni jikoni. Waliacha kioo cha Zeituni chumbani kimefunikwa kwa kanga, wakabeba boksi lenyewe tu, yeye na wifi yake, wakivuka ua kwa hatua fupi kama watu wanaobeba sufuria ya uji wa moto. Abu alisimama getini akijifanya anakarabati bawaba. Walilitia umeme, likanguruma, wakaliunganisha kwa ule waya mfupi, na Hamida akaufungia mwisho kwa vile vizibo. Alizichagua folda tena. Kisanduku kikatokea.

Dakika ishirini na nne.

Zeituni aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Vikaratasi vilikuwa vikiruka bila kusita, na juu yake majina ya folda yakibadilika kwa mfuatano wa alfabeti. Familia za A zilipita kabla Hamida hajavuta kiti. Barasa. Chitechi. Wingu lilifika juu ya nyumba na sebule ikaingia giza, lakini hawakuthubutu kuwasha taa, kana kwamba taa moja ingeumaliza umeme wote wa mtaa. Makokha. Mukhwana. Nasambu.

"Hiyo ni yako, Kukhu," Hamida alinong'ona. "Imepita."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Hakutabasamu.

Kulikuwa na dakika nne zilizobaki waliposikia gari. Si kwa mbali. Lilikuwa tayari limesimama. Mlango wake ulifungwa, kisha mwingine, kisha sauti ya Abu getini ikapaa kuliko kawaida: "Karibuni, karibuni wageni! Tuwasaidie nini?"

Ilikuwa saa nane na robo. Walikuwa wamekuja mapema.

Hamida alitazama kioo. Simiyu ilikuwa imepita. Taabu ilikuwa imepita. Folda tano zilibaki, na iliyofuata ilikuwa imeandikwa *Usman*. Mzee Usman alikuwa baba ya Abu na Zeituni. Shamba lake la ekari tatu lilikuwa Matungu, nyuma ya msikiti, na ndiko walikotoa mahindi waliyokula nyumbani humu.

"Bado ya baba," Zeituni alisema. "Wifi, ngoja. Bado ya baba."

Viatu vya watu vilikuwa kwenye changarawe. Abu alikuwa akiwauliza habari za safari, akiwauliza kama wamenyeshewa, akiuliza lolote. Hamida alihesabu moyoni hadi tatu. Jina halikubadilika. Akang'oa waya, kisha ule wa umeme wa boksi.

"Beba," alisema. "Beba, Zeituni, Mungu akuone!"

Zeituni alilikumbatia boksi kifuani, likiwa bado na joto, akatoka nalo kwa mlango wa jikoni. Nasambu alinyanyuka kwenye kiti kwa wepesi ambao hakuna aliyeutarajia na kumfuata.

* * *

Mkubwa wa msafara alijitambulisha kwa jina la Osiako, afisa wa usalama wa kampuni. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alipangusa viatu vyake kabla ya kuingia. Aliomba maji ya kunywa. Hamida alimpa, na glasi ikagonga meza alipoiweka.

"Usiogope, mama," Osiako alisema. "Ni kazi tu."

Askari walikusanya kompyuta, skana, na zile disketi kumi na moja. Walipekua chumba cha kulala. Mmoja alitoka na nguo za ndani za Hamida zikiwa zimenasa kwenye droo aliyoivuta, akazimwaga sakafuni, na Abu akatazama ukutani. Osiako aliuona ule waya wa mita mbili juu ya meza, akauinua.

"Hii inaunganisha nini na nini?"

"Printa," Hamida alisema.

"Printa iko wapi?"

"Iliharibika. Iko kwa fundi."

Osiako alimtazama. Hamida aliutazama mkono wake uliokuwa ukizungusha waya polepole kwenye vidole, na akawa na uhakika kwamba anajua, kwamba amekuwa akijua tangu alipoingia. Kisha Osiako akautia waya mfukoni na kuonyesha uani kwa kidevu. "Huko kunakaa nani?"

"Dada yangu," Abu alijibu.

Askari mmoja alienda. Kutoka dirishani Hamida alimwona akifungua mlango wa Zeituni. Akasikia kikohozi kirefu, kibaya, cha mtu anayetapika mapafu, na sauti ya Nasambu ikilalamika kwa Kiluhya kwamba ana kifua, ati kijana asimame mbali. Askari alirudi akipangusa mikono kwenye suruali.

"Ni msichana na mgonjwa mmoja tu. Kikongwe."

"Haya," Osiako alisema. "Mwalimu, twende uandike maelezo kidogo. Hutakawia."

Mvua ilianza gari lilipogeuka barabarani, na umeme ukakatika papo hapo.

* * *

Abu alirudi saa kumi na mbili kasorobo kwa miguu, ameloa chapachapa, mkanda wake wa suruali ukiwa mkononi. Hawakumpiga. Walimvua mkanda na viatu, wakamsimamisha kwenye korido ya kituo cha polisi ambako wazazi wa wanafunzi wake wawili walipita na kumwona, na mmoja wao akamsalimia kama kawaida, "Shikamoo mwalimu," na hilo ndilo lililomuuma. Aliyasimulia akiwa amesimama mlangoni, maji yakimtiririka, kana kwamba hana hakika kama anaruhusiwa kuingia kwake.

Umeme ulikuwa umerudi. Hamida na Zeituni walikuwa wameshalitoa boksi chini ya kitanda, wakaliunganisha na kioo chake na kufungua folda moja moja. Hati zilikuwepo, mihuri ikisomeka, vidole vya wino vikionekana mpaka mistari yake. Hamsini na nane.

"Ya baba haikufika," Hamida alisema. "Mimi ndiye niliyeng'oa."

Abu alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha dada yake. "Kule Kisumu waliniibia," alisema. "Stendi. Nilishuka nikashika mfuko, nikakuta hakuna. Nilibaki na sarafu tu. Niliona aibu kumwambia Bramwel, na nikaona aibu zaidi kukwambia wewe. Yule fundi wa Lubao akasema waya ni waya." Alijifunika uso. "Mwaka mzima tumekuwa tukingoja zile barua zako zipite, nami najua."

Hamida alitaka kukasirika. Alikuwa ameiweka hasira hiyo tangu mchana, akiahidi kuifikia baadaye, na sasa alipoitafuta akakuta pale palipokuwa hasira pamejaa uchovu, na ndani ya uchovu huo pana ile kesho aliyomwahidi Bramwel. Alichukua taulo akampa.

* * *

Jumatatu hakimu alizipokea nakala. Wakili wa kampuni alipinga kwa saa nzima, na mwishowe amri ikatolewa kwamba asiguswe mtu yeyote aliyewasilisha hati hadi kesi isikilizwe. Mtu yeyote aliyewasilisha hati. Karani wa mahakama aliisoma orodha ya majina hamsini na nane, na aliponyamaza Hamida aliendelea kusikiliza.

Siku hiyo hiyo alikwenda Matungu, akamkataza Abu kumsindikiza. Mzee Usman alikuwa amekaa nje ya nyumba akipukuchua mahindi, na nyuma yake, kwenye mstari wa kahawa, vilionekana vigingi vitatu vipya vyenye utepe mwekundu. Hamida alipiga magoti kumsalimia na akabaki hapo hapo. Alimweleza yote bila kujitetea: disketi, nakala alizochelewa kutengeneza, zile dakika nne. Habari ya waya wa Lubao aliinyamazia. Hiyo ilikuwa ya Abu.

Mzee aliendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki tupu.

"Za Nasambu zilifika?" aliuliza.

"Zilifika, baba."

"Na wengine waliobaki kama mimi ni nani?"

Hamida alimtajia. Wafula. Wanzala. Were. Zuberi.

"Wanajua?"

"Bado. Nimeanza kwako."

Usman alitazama vigingi, kisha barabara, ambako hakukuwa na mtu. Alisimama kwa kushika ukuta, akaingia ndani, na Hamida akasikia akihangaika gizani na kitu sakafuni. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vyake vya msikitini.

"Twende pamoja," alisema. "Kwa Wafula kuna mbwa mkali, na wewe hajakuzoea. Wakituona wawili watajua hatukuja kuwadanganya."

Hamida aliinuka, magoti yakiwa na vumbi, akamfuata.